Saa ya Redio Ilichelewa, Nikamtupia Lawama Osmund

Mwenye kosa ni mimi, na niliowakosea walikuwa na msiba. Ukimaliza kusoma nitukane ukipenda, ila nisikilize kwanza.

Nilikuwa fundi wa mitambo katika redio moja ndogo hapa Songea. Mtangazaji mmoja wa pale, tumwite Osmund, alikuwa kama mdogo wangu. Mambo yote ya kompyuta nilimfundisha mimi, taratibu, bila kumcheka. Aliniita kaka.

Huku kwetu tangazo la kifo hutoka redioni saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajaenda mashambani. Saa hiyo studio haina mtu. Tangazo hurekodiwa jioni, na kompyuta inayoendesha redio, ile seva ya Linux, hulirusha yenyewe kwa kufuata saa yake.

Siku moja seva iliharibika. Nikaipanga upya haraka haraka, nikaenda zangu. Sikuiangalia saa! Mfumo mpya ulikuwa unafuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu.

Jioni hiyo Osmund akapanga tangazo la mzee aliyefariki hapa Mjimwema. Alilipanga sahihi kabisa. Likatoka saa tatu asubuhi.

Baadaye mdogo wa marehemu alikuja redioni. Ametoka Madaba, matope bado miguuni. Hakupiga kelele.

"Kule shambani simu hazishiki," alisema. "Redio nimeitundika mtini, jembe mkononi, nasikia jina la kaka yangu. Nimefika wanashindilia udongo. Ninyi asubuhi mlikuwa wapi?"

Jamani! Ningesema pale pale!

Nilikwenda kwenye seva, nikaona kosa langu. Meneja akanifuata. Huyu ndiye alikuwa msimamizi wangu wa ndoa, tulikuwa hatufichani. Nikamwambia ukweli wote. Akafunga mlango.

"Ukisema ni wewe, bodi itakuondoa. Fundi mwingine nitampata wapi? Watangazaji wapo wengi. Tuseme Osmund amekosea kupanga."

"Na ratiba je? Inaonyesha kapanga vizuri."

"Kwani fundi nani hapa?"

Nikaifuta ratiba. Kwa mikono yangu hii! Kisha nikaisogeza saa ya seva mbele, ikalingana na ile ya ukutani, nikajiona nimemaliza kazi.

Mbele ya wafanyakazi wote na yule baba wa Madaba, nilisema Osmund kachanganya saa: kumi na mbili yetu ni sita kwenye kompyuta, yeye kaandika tisa.

Osmund hakumtazama meneja. Alinitazama mimi.

"Kaka, hiyo si ndiyo ya kwanza uliyonifundisha? Naweza kuikosea kweli?"

Mwenzetu mmoja akadakia, "Mwalimu mzuri, mwanafunzi hamnazo!"

Watu wakacheka. Mimi nami nikacheka. Osmund akafukuzwa siku ile ile.

Sasa hapa nieleze kidogo, hasa kwa wanaojifunza kazi hii. Msiogope, ni jambo jepesi. Seva hutunza vitu viwili: saa yenyewe, na eneo ilipo. Saa ya seva yangu haikuwa mbovu, ila hakuna aliyeiambia kwamba iko Tanzania. Nami badala ya kuiambia, nikaisukuma tu mbele. Wakati ule mtandao ulikuwa umekatika. Uliporudi, seva ikaiuliza saa mtandaoni, kama inavyotakiwa, ikajirudisha nyuma saa zile zile tatu. Sikujua!

Tangazo la msiba mwingine likatoka saa tatu asubuhi. Na Osmund hayupo! Wenzangu walitazamana, kisha wote wakanigeukia mimi.

Bodi ikaitisha kikao. Niliingia nikijua mimi na meneja tutasimama pamoja. Thubutu! Alinyanyuka, akaweka mkono kifuani.

"Wajumbe, mimi si mtaalamu. Fundi aliniambia ni Osmund, nikamwamini. Amenisaliti."

Mtu aliyesimama kando yangu altareni! Hata kunitazama hakunitazama. Ningesema nini? Ratiba nilifuta mimi. Ndipo nilipojua Osmund alivyojisikia siku ile tunacheka.

Nimepoteza kazi. Meneja bado yupo ofisini.

Nilimfuata Osmund kwake, kule Mshangano, nikamkuta anafyatua matofali. Alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho. Nililia mbele yake, sioni aibu kusema.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mdogo wangu."

"Ulinichafua mbele ya watu. Leo umekuja kunisafisha uani?"

Akarudi kwenye tope lake.

Mafundi wenzangu, nawaomba. Ukipanga seva upya, kabla hujatoka andika timedatectl, usome mstari wa eneo la saa. Kama eneo si letu, andika timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, na huduma ya kulinganisha saa na mtandao iache imewashwa. Usisukume saa kwa mkono ukadhani umetengeneza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo! Kukosea ndiko kujifunza, hakuna fundi asiyekosea. Kosa la saa lingesameheka. Hili la pili ndilo lililonimaliza.

Na wewe usiye fundi: mtu anayekusaidia kumsaliti mwenzako, amekuonyesha atakavyokufanya wewe. Mimi nilionyeshwa, nikadhani napendwa.

Paroko amenikubalia nisimame Jumapili, baada ya matangazo ya parokia. Yule baba wa Madaba nimempelekea ujumbe aje. Hapa nimeficha jina langu. Kule nitalitaja, na kabla ya langu nitalitaja la Osmund, lile la kweli, niseme hakukosea kitu.