Mfinyanzi wa Lubao arejea kwenye kichuguu alichobomoa ugenini

Saa moja asubuhi, Zilpah Kageha amepiga magoti kwenye kibanda chake nyuma ya soko la Lubao, Kakamega, anakanda udongo. Umemfika viwikoni. Kila baada ya muda anainua shingo kuangalia simu iliyolala juu ya gunia, kisha anaurudia udongo kwa nguvu zisizohitajika.

Anangojea habari za mvua ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwendo wa basi wa siku nzima na zaidi kutoka hapa.

Mvua ya kwanza ikinyesha huko, kumbikumbi wataruka kutoka kwenye kichuguu kimoja, au hawataruka. Wakiruka, rafiki yake Keji, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, ataendelea kukaa kwenye kiwanja chake na ataokota kuni tena kama zamani. Wasiporuka, Keji na watoto wake watatu watafukuzwa hapo. Na aliyekibomoa kichuguu hicho ni Zilpah.

"Nikisikia radi hata ya huku Lubao, naacha udongo natoka nje mbio," asema mama huyu wa miaka arobaini na sita. "Najua radi ya huku si ya kule. Lakini miguu haijui."

Zilpah ni mfinyanzi wa majiko ya kuni. Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake kabla hajaolewa. Jiko moja huliuza shilingi 350, na mwezi ukiwa mzuri huuza arobaini hivi. Mumewe, Osiako, hukata miwa kwenye mashamba ya watu upande wa Butere. Si matajiri, lakini sufuria yao haikosi kitu.

Mwaka jana ilitangazwa kanisani kwamba shirika moja dogo linatafuta watu wa kujitolea kwenda kufundisha utengenezaji wa majiko kwenye makazi ya wakimbizi ya huko Uganda, wafundishe wakimbizi na wenyeji pamoja. Mshahara hakuna. Kuna nauli, chakula na mahali pa kulala.

Watu, kama kawaida yao, walisema. Kuna waliodai anafuata dola, na kuna walionong'ona kwamba amemchoka bwana. Osiako alikuwa akiwajibu kwamba aliyechoka ni yeye, amechoka kuulizwa.

"Walituambia wamama kule wanatembeanga nusu siku kutafuta kuni, na wakikutana na wenyeji huko msituni wanapigwa," Zilpah aeleza. "Nikasema, jiko yangu inakula nusu ya kuni. Hii kitu mimi najua."

Miezi minne ya kwanza ilikuwa heri tupu. Keji alikuwa jirani yake na mwanafunzi wake wa kwanza, mwanamke mrefu mwenye utani mwingi, aliyejifunza Kiswahili ukimbizini miaka ya nyuma. Siku Zilpah alipompikia obusuma, ugali wa Kiluhya ulioiva ukakaza, Keji aliubonyeza kwa kidole akauliza kama ni wa kula au wa kujengea nyumba.

Balaa lilianzia kwenye udongo. Ule wa mtoni ulikuwa ukipasuka kila ukikauka. Mfinyanzi yeyote wa huku anajua dawa yake: udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameshaulainisha. Na kwenye kiwanja cha Keji kulisimama kichuguu kirefu kumpita mtu.

Hapo ndipo Ukakamega ulipomponza. Huku kwetu mashamba yamepimwa, mipaka imepandwa miti, na kichuguu ni cha mwenye shamba. Watu hukipigania, wala tusidanganyane. Kuna majirani walionyimana salamu miaka na miaka kwa sababu ya tsiswa, yaani kumbikumbi. Lakini kesi ikifika kwa chifu, swali huwa moja tu: kiko upande gani wa mpaka?

Basi Zilpah alimuuliza Keji kama anaweza kuchimba. Keji alikuwa amehamia hapo wakati wa kiangazi na hajawahi kuona mtu akivuna kitu pale, akamwambia achimbe. Wakaingia kazini na majembe, wakaukata ubavu mzima wa kichuguu huku wakiimba. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila hawakusema ukimuuliza mgeni mwenzako itakuwaje.

Wenyeji wa kule wana desturi yao. Kichuguu kina mwenyewe hata kama ardhi iliyokibeba imepewa mtu mwingine. Hicho kilikuwa cha Candiru, mjane ambaye ukoo wa marehemu mumewe ndio uliotoa ardhi hiyo ili wakimbizi wapate pa kukaa. Alikirithi kwa mama mkwe wake. Kumbikumbi wa kichuguu hicho ndio aliokuwa akiwauza sokoni kusomesha watoto.

Candiru alifika adhuhuri, peke yake. Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaingiza mkono kwenye tundu, akautoa umejaa mchwa weupe. Kisha akamtazama Zilpah na kusema kwa Kiswahili, taratibu, ili asikose kuelewa.

"Ardhi tulitoa. Kichuguu hatukutoa."

Jioni vijana wa ukoo wakaja na mapanga. Walianza na majiko yaliyokuwa yakianikwa, wakayaponda yote. Zilpah, Keji na watoto walikuwa wamejifungia ndani.

"Mlango ni wa bati," Zilpah asema. "Walikuwa wanaigonga na ubapa wa panga, pole pole, kama mtu anabisha hodi. Mtoto mdogo wa Keji akataka kuitikia karibu. Tukamziba mdomo."

Polisi walifika, vijana wakatawanyika. Hakuna aliyejeruhiwa. Kesho yake shirika likaleta gari na kumwambia Zilpah apande arudi Kenya, kwa usalama wake.

Alipanda. Hilo analisema akiangalia chini. Keji alikuwa amesimama kando ya njia, mtoto mgongoni, akimpungia mkono kama mtu anayemsindikiza mgeni wa heri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mgeni huyu aliwaacha wenyeji na hasira, na jirani yake akiwa katikati yao.

Habari zilizomfuata nyumbani zilikuwa mbaya. Wenyeji waliifunga njia ya kuni. Keji alipojaribu kupita, mzigo wake ulimwagwa na akaambiwa amlete Mkenya wake. Sasa anapikia magunzi ya mahindi na viatu vikuukuu. Wakimbizi wenzake nao wamemnunia, kwa kuwa njia iliyofungwa ilikuwa ya wote.

Zilpah alimtumia Candiru salamu za kuomba radhi kupitia mwalimu wa shule ya huko. Jibu lilikaa juma zima. Ukoo ulikuwa umekutana na kumwachia mwenye kichuguu aseme anachotaka, naye akasema. Aliyechimba arudi, azibe alipochimba kwa mikono yake, halafu waketi wawili hapo kumbikumbi wakisubiriwa. Wakiruka, yamekwisha na njia ya kuni ifunguliwe. Wasiporuka, kichuguu kimekufa, na Keji aondoke.

Shirika lilimwambia Zilpah kwamba akienda, asiende kwa jina la shirika. Osiako naye aligoma katakata. Mtu aliyefungiwa ndani na mapanga, aliuliza, anarudi kufanya nini? Kumfinyangia nani? Siku mbili nzima nyumba hiyo ilikula kimya, kila mtu na sahani yake.

"Mimi si mkatili," Osiako aliliambia gazeti hili akiwa nje ya kibanda. "Niko na mke mmoja tu. Nikiambiwa ameuawa kwa sababu ya tsiswa, nitawaambia watu nini?"

Hata hivyo, Zilpah alikuwa amepanga kusafiri Jumatatu. Lakini tukiwa bado tunazungumza, simu inalia. Anaibonyeza kwa kiwiko kwa sababu mikono imejaa udongo, na sauti ya Keji inajaa kibandani.

Upepo umegeuka tangu jana, Keji asema. Mawingu yamekaa. Mchwa wameanza kutoboa matundu madogo juu ya kichuguu, dalili kwamba kumbikumbi wako karibu kutoka, lakini ni kwenye upande ambao haukuguswa tu. Upande uliochimbwa ni kimya. Candiru ameketi pale tangu alfajiri na hataki kuongea na mtu.

"Ameuliza neno moja tu," Keji asema. "Ameuliza, yule yuko wapi?"

Zilpah anauachia udongo na kuinuka. Kisha anamwambia Keji kwamba anatoka sasa hivi, na amwambie Candiru hivyo hivyo, sasa hivi.

Anafunika majiko mabichi kwa magunia yaliyoloweshwa, ingawa anajua mengi yatapasuka kabla hajarudi, na hiyo ndiyo riziki ya mwezi huu. Ananawa haraka haraka kwenye karai. Anaingia nyumbani na kutoka na mfuko mmoja.

Osiako ameisikia simu yote. Alikuwa ameapa hatamsindikiza. Sasa anaingia ndani, na anaporudi ameshika kitambulisho cha mkewe pamoja na koti lake mwenyewe la mvua, lile la kukatia miwa.

"Ukifika Malaba pale mpakani unipigie, Mama Mitchel," amwambia. "Na kule ukifika, nipigie kabla hujakaa chini."

Mama Mitchel anaitikia kwa kichwa. Mitchel ni binti yao, yuko chuoni mjini Kakamega, na hajaambiwa lolote bado.

Njia ikifunguliwa, asema Zilpah huku akifunga kitambaa kichwani, atakaa huko hadi mvua ziishe. Safari hii ataanza kufundisha nyumbani kwa Candiru kabla ya kwingine kokote, na udongo atachukua pale atakapoonyeshwa na Candiru mwenyewe.

Tunamuuliza, na wasiporuka?

Anakaza fundo la kitambaa.

"Mimi nilipokosea nilikuwa na kwetu pa kurudi," asema. "Keji hana. Wasiporuka, nataka wanipate nimekaa pale. Wakitaka mtu wa kuuliza, wasimuulize yeye."