Viti Nje kwa Maman Madeleine

Kule Ulaya wapo watu wanaodhani wanamjua jirani yangu Maman Madeleine. Walimwona kwenye televisheni akilia, miguu mitupu, mbele ya nyumba isiyo na kitu. Wakaambiwa huyo ni mama wa kijijini ambaye hajawahi kupata mgeni. Uongo mtupu! Mimi Olive, niliyekaa naye ua kwa ua tangu tulipoolewa, ngoja niwaambie huyo ni nani, halafu museme kama ninakasirika bure.

Madeleine ni mtoto wa Nyantende. Baba yake alilima maharagwe, akayauza ili binti asome kwa masista, na binti akasoma kweli. Mpaka leo ni sekretari kwenye ofisi moja ya kanisa hapa mjini Ibanda. Mumewe, Papa Emile, alifanya kazi benki mpaka vita ikaifunga. Nyumba yao ni ya matofali, iko kwenye mteremko, na ukifungua dirisha la saluni, chumba cha kupokelea wageni, unaliona ziwa lote. Ndani mlikuwa na fotei, viti vikubwa vyekundu vya veluti, kabati la vitabu na friji, ambayo umeme ukikosekana Madeleine anatunzia mashuka. Anajivuna kidogo, sitamficha. Ukimfikia na tope, atakutazama miguu kwanza, salamu baadaye.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Yannick. Mrefu, mpole, haoni mbali bila miwani. Mkono mmoja wa ile miwani ulivunjika, baba yake akaufunga kwa waya mwekundu wa shaba uliotoka kwenye redio mbovu. Vita ya pili ilipoanza, Agosti ya 98, Yannick alipanda Luhwindja, kule milimani, kumleta bibi yake. Bibi akashuka na wakimbizi wengine kwa njia za msituni, akafika hapa amevimba miguu, akasema hakumwona hata kidogo. Yannick hakurudi.

Hapo ndipo vita ya nyumbani ilipoanzia. Papa Emile alitaka kilio kifanyike.

"Tumulilie mutoto, Madeleine," alikuwa anasema. "Tumulilie, tupumuzike."

"Nimulilie nani? Weye uliona maiti? Uliona kaburi?" Madeleine anamjibu. "Siku nitatosha viti inje juu ya Yannick, nitakuwa minajua. Mbele ya ile siku, mutu asiniletee machozi."

Maana kwetu mtu akifa, kitu cha kwanza ni kutosha viti, kuvitoa nje. Fotei na meza zinatolewa uani, saluni inabaki tupu, wanawake wanakaa chini kwenye mikeka, wanaume wanakaa nje. Jirani akiziona fotei zako uani asubuhi, haulizi swali. Anafunga kitenge chake, anakuja analia tangu njiani. Kwa hiyo kwa Madeleine hakuna kiti kilichovuka mlango miaka yote ile. Hata siku ya kufagia alizisogeza fotei tu huku na huku humo humo ndani, jasho likimtoka.

Mwaka 2003 wakubwa walitia saini, vita ikawa imekwisha. Imekwisha kwenye redio. Ndipo walipovuka mto Ruzizi, mpakani, watu wa televisheni kutoka Ulaya, na magari yao na masanduku yao ya chuma. Walikuwa na mchezo wao: vijana wa kizungu wanapelekwa mahali pagumu duniani, kila mmoja anaishi na familia maskini, na watu kule kwao wanachagua nani abaki na nani atolewe. Mateso ya wenzako ndiyo kiwanja cha mpira! Mkubwa wao aliitwa Guy. Kijana wao wa mchezo, Benoît, alikuwa mwekundu kwa jua, mwenye adabu, hajui kitu.

Walitaka kijiji. Lakini kijijini kwenyewe waliogopa kulala, walitaka kijiji kilicho karibu na hoteli. Chrispin, mtoto wa mtaa wetu aliyekuwa anawatafsiria, akawaleta kwa Madeleine, kwa sababu nyuma ya nyumba kuna migomba.

Madeleine alikataa. Alicheka, hata. "Mimi, mama wa kijiji?"

Chrispin akamwambia, "Maman, ile filme bataiona Ulaya yote. Batu betu bengi biko kule."

Nilikuwepo, nilimwona anavyobadilika uso. Akaingia chumbani, akarudi na foto ya Yannick. Akamwuliza Guy kwa Kifaransa chake safi: nikizungumza juu ya mtoto wangu, nikionyesha foto hii, mtaiweka? Guy akaweka mkono kifuani. Akaapa kwamba itakuwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Basi, Madeleine akakubali. Kwa foto ile angekubali kutembea na magoti.

Kesho yake asubuhi walifika kupiga picha. Guy akatazama saluni, akatikisa kichwa. Nyumba hii ni nzuri mno, akasema, watu hawataamini. Vijana wake wakaanza kubeba. Kabati la vitabu nje. Friji nje. Madeleine alikuwa chumbani anajipaka poda kwa ajili ya foto, hakujua. Alipotoka, fotei zake nyekundu zilikuwa zimepangwa uani, juani, mtaa mzima unaziona.

Yesu! Nani aliyekuwa na muda wa kuuliza? Wa kwanza kulia alikuwa Maman Bulonza, anayeuza mkaa pale chini. Alipanda na kilio chake, mikono kichwani: "Yannick we! Yannick mutoto ya batu!" Wengine wakamfuata. Mimi nami nilivaa kitenge changu kinyumenyume nikatoka mbio. Papa Emile alikuwa anarudi kutoka misa, akaona viti, akaona watu, akakaa chini palepale kwenye vumbi na suti yake ya Jumapili.

Madeleine alisimama mlangoni. Akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Hapana! Hakukufa! Murudishe viti! Hakukufa, minasema!" Alitoka mbio kuvuta fotei arudishe ndani, viatu vikamtoka miguuni, machozi yakamshinda. Alilia. Miaka yote ile hakulia, akalia siku ile, kwa hofu kwamba kilio kimemwua mtoto wake.

Na wale watu? Walipiga picha. Guy alikuwa anafurahi kama mtu aliyeokota pesa. Chrispin alipomweleza kwamba hiki ni kilio, kimekosewa, alisema ni kizuri sana, kirudiwe. Kirudiwe! Wanawake waimbe tena, na Benoît asimame katikati. Tena waliovaa vizuri waende kubadilisha, walete nguo za kazi, zilizochanika. Kila mmoja atapata sabuni na fulana. Na watu walikwenda, wakabadilisha, wakarudi. Siwahukumu sana. Tulikuwa tumetoka kwenye vita na sabuni ilikuwa ghali. Lakini ilinichoma.

Jioni ndipo Madeleine alipopewa zamu yake. Alikaa kwenye mkeka, ameshika foto, akasema polepole, bila kulia: huyu ni Yannick, alipanda Luhwindja, anavaa miwani, mkono mmoja umefungwa kwa waya mwekundu. Aliyemwona aseme, hata kama ni habari mbaya. Benoît akainama akalia kweli. Yule kijana, simdai kitu.

Kaseti ililetwa na Chrispin baada ya miezi kadhaa. Tulikaa kwenye fotei zilezile tukaitazama. Sauti ya mwanamume ilikuwa inasema kwamba hapa ni mwisho wa dunia. Migomba, vumbi, mbuzi wa kuazima. Ziwa halipo. Ziwa Kivu zima, wameliweka wapi? Barabara haipo, kanisa halipo, hata nguzo ya umeme waliiepuka. Halafu tukaonekana sisi, matambara mwilini, tunalia, na ile sauti ikasema: wanawake wa kijiji wanaimba wimbo wa kumpokea mgeni. Halafu Madeleine, miguu mitupu, anavuta fotei na kulia. Fotei haikuonekana, ilikatwa. Ikasemwa kwamba analia kwa sababu Benoît anaondoka, na hajawahi kupata mgeni.

Foto tuliingoja mpaka kaseti ikawa nyeupe tu.

"Rudisha nyuma," Madeleine akasema. Chrispin akarudisha. Haikuwepo. Akarudisha tena, mpaka Papa Emile akainuka akazima mwenyewe.

Chrispin alikuwa anatazama chini. Ili kutuliza akasema filme ilipendwa sana kule, labda watarudi kupiga nyingine. Maneno hayo aliyatembeza mtaani kote, pumbavu, na mtaa ukayashika.

Ilikuwa imebaki kidogo tu mwaka ule uishe wakati barabara ya Luhwindja ilipofunguka, akashuka katekista mmoja, Marcellin, na begi lake. Alizunguka ofisi za kanisa akiuliza kama kuna anayetambua kitu. Akafika kwa sekretari Madeleine. Akafungua kitambaa. Miwani, kioo kimoja, waya mwekundu. Mwenye miwani hiyo alikuwa amemzika yeye mwenyewe, Septemba ya mwaka uleule wa 98, pamoja na wengine, bila kujua jina.

Madeleine hakupiga kelele. Alirudi nyumbani kwa miguu, akaniita kwenye ua, akafungua kiganja nikaona. Halafu akamwambia mumewe, "Emile, tosha viti."

Tulivitoa sisi wenyewe, Papa Emile, Marcellin na mimi. Fotei zote, kabati, friji na mashuka yake. Tulipomaliza, yeye akaingia ndani akakaa kwenye mkeka na ile miwani, tukangoja.

Wakaja, ndiyo. Hawakuchelewa hata. Nilisikia vicheko kabla ya kuwaona. Maman Bulonza alikuwa mbele, amevaa gauni lililochanika bega, amejipaka majivu usoni, na nyuma yake wanawake wote wa mteremko, matambara, miguu mitupu, watoto wamevuliwa mashati.

"Olive," akaniuliza, anatazama huku na huku, "bazungu biko wapi? Kamera iko wapi?"

Madeleine ndiye aliyetoka. Aliinua miwani ili waione.

"Kamera haiko," akasema. "Ni kweli leo. Muende kuvaa manguo yenu, njo mukuye kunililia mutoto."

Maman Bulonza alijifunika uso na mikono yake yenye majivu. Waliondoka wote, na baadaye wakarudi na vitenge vyao vizuri na makaa na maji, wakalia kilio cha kweli mpaka sauti zikakauka. Papa Emile alilia, mimi nililia.

Madeleine alikaa katikati yetu, macho makavu. Nilimshika mkono, nikamwambia, lia basi, ndugu yangu, sasa unajua.

"Nililiaka, Olive," akaniambia. "Kilio yangu balibeba. Iko kule Ulaya, banaitazama."