Wasomaji Sabini na Wanne wa Mikoroshini

Kasimiri alikuwa mtu wa kuona maelfu mahali penye mmoja. Ukimwambia ukuta wa jirani umeanguka, kabla hajasema pole angekuuliza kuta zilizosimama ni ngapi. Hakuwa na roho mbaya, maskini. Ndivyo alivyoumbwa, na mkewe Tekla alishazoea kuishi na mtu ambaye mwili uko mezani na akili inaelea juu ya mapaa ya Temeke.

Baba yake alikuwa mchonga vinyago kule Newala, na Kasimiri naye alitiwa tezo mkononi akiwa na miaka saba. Mkono ukamkatalia. Kila akiwekewa gogo la mpingo alianza kukisia ni vinyago vingapi vimelala ndani yake, akabaki ameduwaa hadi jua linazama na gogo halijaguswa. Mzee akachoka naye, akamruhusu aende zake mjini mwaka wa hamsini na nane. Huko akawa tarishi, Uhuru ukamkuta akisoma masomo ya jioni, na Sensa ya sitini na saba ikamtembeza nyumba kwa nyumba na daftari la serikali kwapani. Tangu hapo hakupona tena. Wakampeleka kozi ya miezi mitatu ya takwimu, akarudi karani wa wilaya, penseli imechomekwa nyuma ya sikio, na sura ya mtu aliyeambiwa siri kubwa asiyojua pa kuisemea.

Siri yenyewe ilikuwa hii: unaweza kuujua umati bila kuuona wote. Unachota wachache, bila kuchagua, na hao wachache wanakunong'oneza habari za wengi. Jambo hilo lilimlewesha Kasimiri kuliko tembo.

Mwaka wa sabini na tano nchi nzima ilikuwa darasani. Watu wazima wenye wajukuu walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, wakitamka a, e, i, o, u. Katika mtaa wa Mikoroshini darasa la kisomo lilikuwa la alasiri, katika chumba cha shule ya msingi, chini ya mwalimu aitwaye Yuliana. Tekla alijiandikisha siku ya kwanza. Tangu utoto alikuwa akitia sahihi kwa dole gumba, na aibu ile hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Dawati moja alikaa na jirani yake Mauwa, mwanamke wa Lindi aliyekuwa akiuza maandazi asubuhi. Tekla alikwenda mbio. Mauwa alikwenda polepole, anaisahau leo herufi aliyoijua jana, lakini hakukosa hata siku moja, na Tekla alimpenda kwa ukaidi huo.

Ndipo Katibu Kata, Ndugu Nassibu, alipopeleka barua wilayani. Alidai kwamba katika kata yake watu wazima wanane katika kila kumi sasa wanajua kusoma. Kata iliyofikia hapo ilipewa bendera, na mwalimu wake, vitabu vyake na ubao wake vilihamishiwa kata iliyo nyuma. Bendera Nassibu aliitamani sana, alikwisha hata kupachagua mahali pa mlingoti. Wilayani wakataka uhakika, na kwa kuwa Kasimiri alikaa kata hiyo hiyo na asingedai nauli, kazi akapewa yeye.

Tekla aliposikia aliuliza kama darasa litafungwa.

Kasimiri akamjibu kwamba yote yanategemea watu mia moja watakaochotwa kupimwa. Angekuwa mume mwingine angetoa neno la kumtuliza. Yeye aliamka akaenda sokoni kununua kunde.

Alinunua nyeupe na nyekundu. Daftari la mabalozi wa nyumba kumi lilikuwa na watu wazima elfu moja, basi akahesabu nyeupe mia nane na nyekundu mia mbili, akazitia zote katika sufuria kubwa ya pilau. Hiyo ndiyo kata kama Nassibu anavyoidai, akamweleza Tekla: nyeupe wanasoma, nyekundu hawasomi. Tuchukulie kwanza kwamba Katibu anasema kweli. Sasa tufumbe macho, tuchote mia, tuone nyeupe ni ngapi.

Alasiri zile Tekla alipotoka darasani walikaa ukumbini na sufuria katikati yao, wakachota, wakahesabu, wakarudisha, wakakoroga, wakachota tena. Mara ya kwanza nyeupe zilikuwa themanini na mbili. Mara ya pili sabini na saba. Tekla alishangaa kwamba sufuria ni ile ile na mkono ni ule ule, lakini jibu halitulii mahali pamoja. Kasimiri akasema ndivyo, bahati ina pumzi, hupanda na kushuka, nasi tunataka kujua pumzi yake inashuka mpaka wapi. Sauti ya kunde zikimwagika ilikuwa laini, na mwanga wa jua uliingia mlangoni ukalala juu ya mikono yao. Walikuwa wameoana miaka kumi na sita na hawakuwahi kukaa hivyo. Kasimiri, akichota, aliona kata nzima ikimpita vidoleni, na kila kunde ina sura na jina na mlango wake.

Baada ya mara mia moja walitazama orodha. Nyingi zilikuwa karibu na themanini. Mara nne tu nyeupe zilishuka hadi sabini na tatu au chini yake. Kasimiri akapiga mstari hapo. Wakisoma watu sabini na watatu au pungufu, atasema bahati pekee haitoshi kueleza upungufu huo, na madai ya Katibu atayakataa, huku akijua kuwa kuna hatari ndogo, kama mara nne katika mia, ya kumsingizia mtu mkweli. Wakiwa sabini na wanne au zaidi, hatakuwa na sababu ya kutosha ya kuyakataa. Tekla aliurudia mstari ule kichwani mpaka ukakaa.

Majina mia yakachotwa kapuni mbele ya mashahidi, na jina la Tekla likawemo. Jumamosi wote wakaitwa shuleni kusoma kadi fupi iliyotoka wilayani. Tekla hakwenda, alikuwa na homa, naye Kasimiri akaiacha nafasi yake wazi. Katika tisini na tisa waliobaki walisoma tisini na watatu, tena wengine kwa sauti ya kuhubiri. Kasimiri angefurahi, ila bibi mmoja aliyeandikwa miaka sitini na mbili aliitikiwa na kijana mwenye ndevu zinazoanza kuota. Akauliza, na mambo yakafumuka. Mabalozi walikuwa wamewaacha nyumbani wasiojua, wakawaleta wanaojua wajibu kwa majina yao. Balozi Jabiri, mzee mwenye kanzu safi na dhamiri safi zaidi, hakuona kosa lolote.

"Bwana karani, wewe umekuja na kazi ya wilaya, ni mgeni wetu," alimweleza kwa upole. "Mgeni utampa kikombe chenye ufa, na kizima kipo kabatini?"

Kasimiri alikasirika, halafu hasira ikayeyuka, kwa maana na yeye angeletewa mgeni angefanya hivyo hivyo. Akaifuta kazi nzima. Akaamua kuwafuata wale wale waliochotwa, kila mmoja mlangoni kwake, na Jabiri aandamane naye kama shahidi.

Siku kumi na moja walitembea, karani na balozi, vumbi la Mikoroshini limewapanda hadi magotini. Walimkuta mtu akifua, wakamngoja akaushe mikono. Walimkuta mwingine amekufa mwezi uliopita, wakachota mwingine kapuni. Mauwa, ambaye jina lake pia lilichotwa, aliishika kadi juu chini, akaitazama muda mrefu, akairudisha kwa heshima na kusema bado, lakini anakaribia. Kasimiri aliandika "hajui" herufi moja moja, kwani hii haikuwa kunde, huyu alikuwa anawaletea wanawe maandazi ya moto kila Ijumaa.

Nyumba yake mwenyewe aliiacha ya mwisho kwa kuona haya. Na usiku wa kuamkia siku hiyo alijua hesabu imefika wapi. Tisini na tisa wameulizwa. Waliosoma ni sabini na watatu.

Asubuhi, mbele ya uji, Tekla akamuuliza wamefika wangapi. Hakuweza kumdanganya. Tekla akakiweka chini kikombe.

"Baba Romani, mie nitasema sijui," alisema. "Nikisoma ni sabini na nne, na Mauwa hatakuwa na pa kwenda. Cheti nitachukua mwakani."

Kasimiri alitaka kumwambia kwamba alikwisha kuifuta kazi nzima kwa kosa la namna hiyo hiyo, lililopinduliwa tu. Alitaka pia kumshukuru. Kabla hajachagua la kuanza nalo, uji ukapoa, na Balozi Jabiri akabisha hodi.

Wakakaa ukumbini. Tekla akamwamkia mzee shikamoo, akapokea kadi, akainamisha macho kama mtu anayetazama kisima asichojua kina chake. Kasimiri akafungua daftari, akaitafuta penseli. Hakuiona mezani. Akapapasa mifukoni, akainua daftari, akainama chini ya kiti. Na kadi ilikuwa na mistari minne:

Mzee amenunua miwani mipya.
Anaitafuta nyumba nzima.
Mke wake anacheka.
Miwani iko puani.

Tekla alikuwa amekaza midomo. Lakini macho yakishajua kusoma hayaombi ruhusa. Maneno yalimwingia yenyewe, moja baada ya moja, na alipofika mwisho alimwinulia uso mumewe, aliyepiga magoti sakafuni akitafuta penseli iliyo nyuma ya sikio lake. Kicheko kikamtoka. Alijaribu kukizuia kwa kiganja, kikazidi, mabega yakamtikisika, machozi yakamjaa.

Jabiri akatabasamu. "Amesoma," alisema.

Tekla alifuta macho na kumtazama mumewe, na Kasimiri akaona usoni mwake mambo mawili yakipigana, huzuni na kitu kingine ambacho hakuwahi kukiona hapo kabla. Ilikuwa ni fahari. Miaka thelathini na minane maandishi yalikuwa yamempita kama watu wasiomjua, na leo yamemfanyia mzaha naye ameuelewa. Akaiinua kadi. Akaisoma yote kwa sauti, taratibu, bila kukwama, kisha akaomba penseli akaandika jina lake lote chini ya mstari wa mwisho.

Kasimiri akaandika sabini na nne.

Ripoti yake ilikuwa ya ukurasa mmoja, na aliiandika kwa mwandiko wake bora. Alisema kwamba waliosoma ni sabini na wanne katika mia, na kwamba idadi hiyo haitoshi kuyakataa madai ya Katibu. Chini yake akapigia mstari mwekundu sentensi moja zaidi: kukosa sababu ya kuyakataa madai si sawa na kuyathibitisha, huenda wasomaji ni saba tu katika kumi, na mwenye haraka asifunge darasa kwa karatasi hii. Alikwenda ofisini kwa Nassibu kumweleza kwa mdomo. Nassibu alimsikiliza kwa adabu, akamwagizia chai, akamwambia kwamba wataalamu wana maneno mengi mno na wananchi wanahitaji neno moja. Wilayani nao walisoma sentensi ya kwanza. Bendera ikapandishwa Jumatatu.

Kwa wiki nzima Kasimiri alitembea kama mtu aliyeota ndoto nzuri akaamshwa katikati. Alijiuliza kama angalibadili tarakimu moja tu, nani angejua. Alijijibu kwamba yeye angejua, na jibu hilo halikumfariji hata chembe. Tekla hakumlaumu. Hakujilaumu pia kwa maneno, ila maandazi yalipoletwa Ijumaa alishindwa kuyala.

Siku ya darasa iliyofuata alishika daftari lake kwa mazoea, na Kasimiri akamsindikiza bila kuambiwa. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Ndani, kupitia dirishani, ukuta ulionyesha weupe mahali ulipokuwa ubao. Wanafunzi kumi na kadhaa walikuwa wamesimama uani na madaftari yao, wanautazama mlango, na juu ya mlango palikuwa pamebandikwa karatasi yenye mhuri. Wengi walikuwa hapo tangu saa tisa. Walifikiri mwalimu amechelewa.

Mauwa alipomwona Tekla akamjia haraka, akamshika mkono.

"Afadhali umekuja, shoga. Wametuandikia kitu hapo, na sie tunakitazama tu. Hebu tusomee."

Wenzake wakasogea wakampa Tekla njia. Kasimiri alibaki nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuona maelfu. Aliwaona hao tu, mmoja mmoja. Tekla aliitazama karatasi, akavuta pumzi, akawasomea kwa sauti iliyo wazi, neno kwa neno, kwamba imethibitishwa kitaalamu kuwa wananchi wa kata hii sasa wanajua kusoma, na kwa hiyo darasa halihitajiki tena.