Kamba ya Mjomba

Nakiri mapema: niliivuta kamba kwa sababu nilishindwa kuvumilia kutojua. Hakuna aliyenituma.

Nilikuwa nakaa kwa mjomba wangu, vijijini Tarime, miaka ile watu walipoacha mashamba na mifugo kufuata dhahabu. Mjomba alikuwa na duara lake, shimo lililokwenda chini wima, kuta zake zimezuiwa kwa magogo. Alishuka peke yake, maana mwenzake alikuwa amehamia machimbo mengine. Mimi nilikaa juu, mdomoni mwa shimo.

Kazi yangu ilikuwa kusubiri. Akivuta kamba mara mbili, napandisha ndoo ya mawe. Akivuta mara tatu, anapanda yeye. Mimi wa juu sikuruhusiwa kuigusa kabla hajavuta yeye. Mkono wa juu ukivuta, kwa wachimbaji wote wa pale maana ni moja tu: udongo unatembea, toka. Na jina la mtu halikuitwa shimoni. Mjomba alisema shimo likishalijua jina lako, litakuita siku hujajiandaa.

Kamba ilipotulia, nilikuwa na simu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeshikwa na jambo ambalo sikuweza kumweleza mtu yeyote pale. Nilijifunza mwenyewe, kwa makala nilizopakua nikienda mjini, nikizisoma sentensi moja moja na kamusi pembeni. Kwamba inawezekana kuitega elektroni moja ndani ya kipande cha silikoni, kwa kuizingira na umeme hadi ikose pa kwenda. Mahali hapo padogo kupita kiasi huitwa nukta kwanta. Elektroni iliyotegwa ina spini, mfano wa sindano ya dira, inayoelekea juu, au chini, au kote kuwili kwa pamoja. Katika huko kuwa kote kuwili ndiko kompyuta ya kwanta inakotaka kufanyia hesabu zake. Unaigeuza spini kwa pigo fupi la mawimbi. Lakini haitulii. Baadhi ya atomi zinazoizunguka zina spini zao ndogo, nazo huinong'oneza mpaka isahau ilikuwa inaelekea wapi. Na ukiichungulia kuona kama bado inakumbuka, umeshaiharibu. Kuitazama kunailazimisha ichague.

Dawa yake ndiyo iliyonisisimua mwili niliposoma mara ya kwanza. Unaiacha ipotee kwa muda, kisha unaipiga pigo moja la kuigeuza. Fikiria kundi la ng'ombe lililotoka zizini, wenye mbio mbele, wazito nyuma. Mchungaji anapiga mluzi, wote wanageuka pale pale walipo. Wenye mbio sasa ndio walio mbali zaidi, na kwa hiyo wote wanafika zizini kwa pamoja. Wanafika baada ya muda ule ule waliotumia kwenda, bila kuzidi wala kupungua. Kilichopotea kinarudi. Kurudi huko wanafizikia wanakuita mwangwi.

Nilikuwa nimeandika programu ya kuuiga mwangwi huo kwenye simu. Asubuhi ile, mawingu yamekaa chini, programu ilinipa mwangwi kamili, usio na doa. Mimi ni mtu wa kuchana ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyokaa vibaya. Jibu lisilo na doa linaniogopesha. Niliipitia mara tatu, jibu likawa lile lile.

Nilipoinua macho, niligundua kamba haijatikisika tangu ndoo ya kwanza. Nyundo nayo haikusikika. Nilihesabu kimya kimya, na nilipofika arobaini mkono wangu ukavuta. Mara moja, taratibu.

Kimya. Nikaanza kuhesabu tena. Nilipofika arobaini, kamba ikavuta. Mara moja.

Nilicheka kwa nafuu. Lakini kipimo kimoja hakijawahi kunitosha. Nikahesabu hadi sitini, nikavuta mara mbili. Nilipofika sitini nyingine, kamba ikavuta. Mara mbili.

Kicheko kikaisha. Mara mbili ni ndoo. Mtu anayeomba ndoo hasubiri hesabu yangu itimie.

"Mura, unacheza na nani?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, ikiniita mura, yaani kijana kwa Kikuria. Mjomba alikuwa amesimama, tope hadi nyusi, anahema.

"Mjomba... si uko chini?"

"Ulivuta, nikakimbia. Nimetokea kwa jirani." Njia za maduara mawili zilikuwa zimetobozana chini mwezi uliopita. "Udongo uko wapi?"

Sikuwa na udongo wa kumwonyesha. Nikasema ukweli wote, na namba zake. Jirani, aliyewahi kubadilisha hela mpakani pale Sirari kabla ya kufuata dhahabu, alikuja na watu wake.

"Hiyo ni panya tu, bwana."

"Panya wa kwenu Sirari wanajua kuhesabu?" mjomba alimjibu.

"Wale wa mpakani? Wanakupa na chenji!"

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Aliwahesabu wote wa maduara mawili, mmoja mmoja, kwa kuwagusa kifua. Wote walikuwa juu.

"Ilijibu kweli, au ni hivyo vitu vya kwenye simu yako?"

Nilijua anachouliza. Asubuhi ile, baada ya miezi tisa ya kuchimba, mwamba mweupe, ule unaobeba dhahabu, ulikuwa umejitokeza. Ningesema nimeota, angerudi chini.

"Ilijibu."

"Vuta tena tuone."

Nilikataa. Akaishika yeye, akavuta mara moja. Tukasubiri. Jirani alisimulia habari ya lori lililolala mpakani siku nne, na hakuna kitu kilichotokea. Mjomba akafunga taa kichwani, akaweka mguu kwenye gogo la kwanza. Mimi nilikuwa nawaza tumesimama pale muda gani kabla hajavuta, na kwamba muda kama huo haujapita tangu avute.

"Mjomba, subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

Kamba ikavuta. Mara moja, mbele ya macho ya wote.

Aliutoa mguu. Akachukua panga, akaikata. Ile kamba ilishuka upesi kuliko kitu kinavyoanguka.

Hakuchimba tena. Alihamia Robanda kwa ndugu za mkewe, analima mahindi na kuyalinda dhidi ya tembo. Nilimtembelea nikiwa na maelezo tayari: kamba kubanwa na gogo, magogo kujisogeza, maji kuivuta. Nilimwambia pia kwamba kosa kwenye programu yangu nimelipata. Nilisahau kuzipa atomi minong'ono yao, ndiyo maana mwangwi ulirudi kamili. Alinisikiliza hadi mwisho, akipura mahindi.

"Siku ile ulivuta kwa sababu uliniogopea, au kwa sababu hukuniamini?"

Nilitaka kusema niliogopa. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo kwenye basi la kuja kwake, tangu Tarime hadi Mugumu.

"Sikukuamini, mjomba."

Akatikisa kichwa, akaendelea kupura.

"Basi usikae tena mdomoni mwa shimo la mtu."

Nikasema ndiyo. Kisha nikavuta gunia, nikamsaidia kupura mahindi yaliyobaki.