Mpira wa Breki Kichwani mwa Mjukuu Wangu

Mkokoteni wa mume wangu ulikuwa na kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari chini ya mkia. Akiteremka na marobota ya mitumba kutoka soko la Gikomba, aliinua mikono ya mkokoteni, mkia ukashuka, ule mpira ukasugua lami na mzigo ukapunguza mbio. Mimi shule niliiachia darasa la tatu. Ninachojua kuhusu dawa ya kifafa nilifundishwa na mpira huo.

Miaka hiyo ya tisini tuliishi mtaa wa Kaloleni na mjukuu wetu, msichana wa miaka tisa mwenye sauti ya kutetemesha mabati na ugonjwa wa kumwangusha. Akianguka penye mfereji wa kuchotea maji, majirani walivuta ndoo zao kwanza, wakidhani lile povu linaambukiza. Haliambukizi. Niliwaambia hivyo mpaka wakanichoka.

Kliniki tulimkuta daktari, mama kijana mcheshi. Alimuuliza mtoto, "Nyumbani nani atakuwa anakupa dawa?"

"Kukhu," akajibu. Kwetu Waluhya ndiyo bibi.

"Kuku? Kuku gani huyo anayejua kuhesabu vidonge?"

Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilitaka kujua kidonge kinakwenda kufanya nini kichwani mwa mtoto wangu.

Daktari akaeleza polepole. Kifafa ni seli za ubongo kupiga kelele zote kwa pamoja. Lakini ubongo una kemikali yake wenyewe ya kutuliza, na kila seli ina vilango vya kuipokea. Kemikali ikigusa kilango, kinafunguka, na seli inanyamaza. Kidonge kinakwenda kukaa kwenye kilango hichohicho, pembeni, kukizuia kisijifunge haraka.

Mume wangu, aliyekaa kando yangu, akapiga goti lake. "Kumbe breki anayo mwenyewe! Dawa inaikandamiza tu."

"Mzee, umeeleza kunishinda," daktari akasema. "Atasinzia siku za kwanza. Na msimwachishe bila kuniuliza."

Mvua ndefu zilikuja zikaisha, mtoto hajaanguka. Akarudi shule. Kanisani mwalimu wa kwaya akamchagua aongoze wimbo wa siku ya mavuno, na nyumbani hatukupumua: aliimba akifua, aliimba akila, aliimba mdomo umejaa ugali.

Sasa nitaandika kosa langu. Siku moja ya mazoezi nilimwona kidevu kinaanguka kifuani kwa usingizi. Nikajiambia, huyu amepona, dawa ya nini tena? Vidonge nikavificha ndani ya mkebe wa majani chai. Sikumwambia mtu.

Siku ya nne akaanguka penye mfereji, vibaya kuliko zamani zote.

Mume wangu alimlaza ubavu, akakaa naye mpaka akazinduka. Kisha akaniuliza, "Vidonge viko wapi?" Nikaleta mkebe. Akautazama, akanitazama. "Leo umekuwa kuku kweli."

Akanipeleka nje kwenye mkokoteni. "Huu mpira, nikifika tambarare huwa naung'oa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hujui mteremko mwingine uko wapi."

"Haya. Umejijibu."

Daktari alisema vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi: ubongo umezoea kuegemea dawa, ukiunyang'anya ghafla, kelele inarudi na hasira. Tukaanza upya, naye akapanga kipimo kikubwa kiwe cha jioni ili mchana asisinzie.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyebaki kutulizwa, maana alisikia mtoto ameanguka tena. Alikuja nyumbani, hata chai akakataa. "Mama, nitaweka mtoto mwingine. Huyu akianguka mbele ya wageni?"

"Akianguka tutamlaza ubavu, tungoje, kisha tuendelee na ubeti wa pili."

"Mama..."

"Wewe unaogopa wageni. Mimi naogopa huyu mtoto akizoea kuondolewa mbele. Kunywa chai."

Akanywa.

Siku ya mavuno mjukuu wangu alisimama mbele na gauni la manjano nililomchagulia mwenyewe kwenye robota. Ngoma zikaanza. Akaanza naye, lakini kwa furaha akakimbiza wimbo, ngoma zikabaki nyuma, kwaya ikahema. Mwalimu akafumba macho.

Hapo mume wangu akasimama kwenye benchi la wanaume, akainua mikono yote miwili juu polepole, ngumi zimefumbwa, kama mtu anayeinua mkokoteni mteremkoni.

Mtoto akamwona. Akatabasamu, akavuta pumzi, akapunguza mwendo. Ngoma zikamfikia, kwaya ikaingia, na kanisa zima likainuka kucheza, wakiwemo wale wa ndoo.

Nami nilicheza. Kiatu kimoja kilipotea chini ya mabenchi, nikarudi Kaloleni na kimoja.