Nimemkalisha Mama Mkwe Eda Mara Tano kwa Kifo Kimoja

Admin, jina langu lisitoke, mengine yote yaache kama nilivyoandika.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto watatu. Naishi Tabora mjini, Cheyo, na Cheyo ni kubwa, anayetaka kunitafuta anitafute. Najua mtanitukana. Sawa, ila aanze yule ambaye ameshamlea mzazi aliyepotewa na kumbukumbu, wengine mkae kimya kwanza msome.

Naishi na mama mkwe. Wao ni Waarabu wa hapahapa mjini, wafanyabiashara tangu babu zao. Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge, baba yangu mrina asali. Mama mkwe hakunitaka na wala hakuficha. Miaka ya mwanzo nikipita sebuleni alikuwa anaagiza udi ufukizwe, anasema, "Moshi wa mizinga umeingia." Mbele ya wageni! Wifi zangu wawili wanacheka. Leo wifi haohao wako Dar wananitumia sauti kwenye simu, mama asile chumvi, mama abadilishwe mashuka. Kuja kumwogesha hajaja hata mmoja. Mume wangu naye msimu wa tumbaku anahamia Urambo na vitambaa vyake, anawauzia wakulima, namwona mara moja kwa wiki.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau na hauponi. Baba mkwe alifariki miaka minane iliyopita, lakini mama alikuwa anamsubiri kila siku. Marehemu alikuwa analeta samaki, migebuka mikavu, kutoka Kigoma kwa treni. Kwa hiyo mama akishakunywa chai ya asubuhi anapaka wanja, anavaa bangili, anatoka kwenda stesheni kumpokea mumewe. Nimeshamfuata kwa miguu, nimeshamfuata kwa bodaboda, na siku moja nilimkuta amekaa katikati ya reli anajipepea na mtandio. Nikifunga mlango anapiga kelele kwamba Mnyamwezi amemfungia ndani ya nyumba yake, majirani wanachungulia.

Siku hiyo ya reli nilirudi naye nimejaa hasira. Tumefika mlangoni akaniuliza, "Kwani treni ya baba yenu imechelewa?" Nikamfokea, "Baba alishakufa!" Nilisema kweli tu, sikuwa na nia nyingine. Lakini kwake ilikuwa habari mpya. Alikaa chini palepale. "Wameshamzika?" akauliza. "Bila kuniita nimuage?" Akalia mpaka sauti ikakauka. Halafu akavua bangili moja moja akanikabidhi, akafuta wanja, akaomba nguo nyeupe, akaingia chumbani kukaa eda.

Jamani, nyumba ilitulia. Mjane wa eda hatoki ovyo miezi minne na siku kumi, na hilo hakulisahau hata kidogo. Siku tisa hakuvuka kizingiti. Nilienda sokoni bila kukimbia, nililala mchana kama mtu mwenye raha zake. Siku ya kumi akasahau, akadai bangili zake. Nikamwambia tena, na safari hii kwa makusudi. Nilimshika mkono, nikasema kwa sauti ya upole, "Mama, pole, baba hatunaye." Na kwa kuwa nimeshaamua kusema, niseme yote. Moyoni nilikuwa nafurahi kumwona aliyenifukizia udi analia mbele yangu. Jumla nimefanya hivyo mara tano. Nilijiambia hajui chochote, kesho atakuwa amesahau, hakuna aliyeumia.

Wiki iliyopita nilikuwa nabadilisha mashuka yake nikakuta nguo za eda chini ya mto, zimekunjwa vizuri. Mimi huwa naziweka kabatini. Nikamuuliza, "Mama, hizi umezitoa za nini?"

Akanitazama kwa macho yake ya zamani, yale makavu. "Nimeziweka karibu. Najua utakuja kuniambia tena."

Nikajifanya sielewi. Akasema, "Unadhani sijui kama kichwa changu kinaharibika? Najua. Unachoniambia nakisahau, uchungu wake siusahau. Naamka moyo mzito, sijui nimefiwa na nani, nikikuona wewe najua uchungu umetoka kwako. Mimi nilikutesa nikiwa na akili zangu timamu. Wewe umengoja zangu ziishe."

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Akavuta mguu wake. "Radhi zangu huna. Na ningekupa leo, kesho nisingekumbuka kama nimekupa, na wewe ungekuja kuniambia vilevile." Hata dakika tano hazikupita, akaniuliza mimi ni nani na chai iko wapi.

Tangu siku hiyo sijamwambia tena kwamba mumewe amekufa, na tangu siku hiyo ameshanitoroka mara mbili. Mume wangu hajui. Nikimweleza, wifi watajua, na hapo sina ndoa. Nikinyamaza, kila asubuhi nampelekea chai mtu ambaye ndani kabisa ananijua nilivyo. Wala sitawadanganya kwamba sasa nampenda. Bado nina kinyongo naye. Ila nikikumbuka zile nguo alivyozikunja, nashindwa kula.

Naandika hapa barazani, ni asubuhi. Ameshapaka wanja, wa jicho moja umeenda upande. Bangili ziko mkononi, buibui kalivaa. Amesimama mlangoni ananiuliza, "We mtoto, treni ya Kigoma imeshaingia?" Nimetoka kuangalia sasa hivi, nguo nyeupe bado ziko chini ya mto.

Ndugu zangu, ya mume wangu mtanishauri baadaye. Huyu amesimama anasubiri jibu, na reli iko palepale. Nimwambie nini?