Uyoga Ulioruka

Je, wewe ukiona mgongo wa kahawia wenye madoadoa, umejikunyata kwenye majani makavu, utasema ni uyoga au ni kwale?

Wacera hasemi upesi. Asubuhi hii, ukingoni mwa msitu ulio juu ya mji wa Nyeri, amesimama na kikapu mkononi, kitambaa kimefungwa barabara kichwani. Anaokota kijiti, anadokoa. Kitu hakisogei. Anauchuma uyoga wake, anaunusa, anaupangusa udongo kwa kidole gumba.

Kijiti ni jambo jipya. Amechuma uyoga na kuuuza sokoni tangu kabla ya uhuru, na hakuwahi kukihitaji. Lakini mvua za mwaka huu zilipoanza, aliinama kuchuma kofia moja pana, nayo ikampigia kelele usoni na kuruka. Alikuwa kwale anayeatamia mayai. Kesho yake akaona kwale mwingine, akamzunguka kwa adabu asimsumbue. Binti yake Gathoni, aliyekuja kumtembelea na alikuwa nyuma yake, akamng'oa kwale huyo na kumtia kikapuni. Ulikuwa uyoga.

"Yote mbili iko na rangi ya chai," Wacera hujitetea akichekwa. "Iko na magamba magamba mgongoni, na inapenda kukaa chini ya majani. Sasa mimi nitajua aje?"

Sokoni habari zilifika kabla yake. Ali, muuza viungo wa meza ya jirani, humwuliza kila akifika, "Cucu, bibi yangu, hawa wa leo umewakata mabawa?"

Wateja hucheka. Ila wengine sasa wanaugeuzageuza uyoga wake, kisha wanaenda kwingine. Asiyejua uyoga na ndege, wanasema, atajuaje uyoga mzuri na wa sumu? Juzi Wacera mwenyewe alimwaga kikapu kizima kwa kutokuwa na hakika.

Gathoni, aliyeolewa Mwea kwenye mashamba ya mpunga, amerudi kumchukua akapumzike. Kila alilopanga, mama yake aliitikia "haya" tu, hadi majirani wakaja kumuaga.

Sasa Wacera ameketi nyumbani juu ya godoro lililokwisha kufungwa kamba. Anauleta uyoga wa leo karibu na pua, anaupeleka mbali, anaurudisha.

"Gathoni," anasema, "mimi sikusema nataka kwenda Mwea."

"Sasa unataka nini, maitu?"

"Nataka miwani."